Asubuhi Niliyokwenda Kumpokea Mama Bila Koti

Asubuhi ile ya Julai haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ingawa mengi mengine yamekwishapotea. Amani ilikuwa imerudi, na watu waliokimbia vita walikuwa wakirudi nayo. Mimi nilitangulia kutoka Tanzania, nilikokulia kambini, nikajenga nyumba ya matofali ya udongo kwenye shamba la marehemu baba, hapa Giheta. Nilikuwa kijana mwenye mke na pikipiki, na nilijiona sipungukiwi na kitu isipokuwa mama. Mama alikataa kurudi mpaka asikie kwamba paa limeezekwa. Basi paa likaezekwa, nikatuma salamu, na baada ya majuma machache nikaletewa habari: amevuka mpaka, yuko Muyinga kwa rafiki yake wa tangu usichana, Mama Zubeda, ambaye mumewe alikuwa fundi cherehani karibu na soko.

Sikulala vizuri kwa furaha. Kulipopambazuka nilivaa shati jeupe jipya, nikalichomekea, nikaipangusa pikipiki mpaka ikang'aa. Mke wangu Esperansi akanifuata mlangoni na sweta mkononi. Ilikuwa sweta nene ya mitumba, ya rangi ya waridi, yenye vifungo vya kike.

"Vaa," akasema. "Huko juu ukungu haujainuka."

"Mama hajaniona miaka minne. Unataka anione na sweta ya bibi harusi?"

"Nataka akuone."

Nilipiga pikipiki teke ikawaka, nikaondoka nikimwachia sweta mkononi. Sisi tuliokulia kule bondeni Tanzania tuliujua mwezi wa Julai kwa vumbi lake, si kwa baridi. Nikiwaona wazee wa huku wamejifunika makoti asubuhi, nilicheka, nikasema baridi ni ugonjwa wa uzee. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami niliushika wangu kwa mikono miwili.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Moshi wa mikaratusi ulikuwa ukipanda kutoka kila mlima, akina mama wakitoka na majembe, umande ukimetameta kwenye migomba. Naikumbuka harufu ya asubuhi zile hata sasa. Kisha upepo ukaingia kwenye kola, ukatelemka kifuani. Magoti yakakakamaa. Vidole vikauma kama vinavyobanwa na mlango, na baada ya mwendo, maumivu yakaisha. Nikafurahi, nikadhani nimezoea. Mwanangu, hapo ndipo pa kuogopa. Kidole kinacholia bado ni chako. Kikinyamaza, kimekwisha kuhama.

Kabla ya kufika mji wa Karuzi nilisimama, nikabandika viganja kwenye injini ili vipate joto. Harufu ya ngozi inayoungua niliisikia puani kabla ya kusikia maumivu mkononi. Hata hilo halikunifundisha. Nilipuliza kiganja, nikapanda tena, nikaendelea na meno yakigongana, kichwa kizito, nikifikiria mambo polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Mbele ya Karuzi kulikuwa na mteremko wenye kona. Katika ukungu akatokea mzee anasukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi, akikata barabara. Nilimwona vizuri. Nililiona hata koti lake jeusi. Nikaviamuru vidole vibane breki, na vidole havikutii. Vilikaa juu ya usukani kama vijiti vilivyosahauliwa pale. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote; gurudumu la nyuma likateleza kwenye vumbi lililoloa, pikipiki ikalala, ikaipiga baiskeli ya mzee na kuipinda rimu, na mimi nikaishia mtaroni. Ndizi zikatawanyika barabarani. Mzee mwenyewe alibaki wima, hakuguswa, ila mkono wake mmoja ulikuwa bado uko juu kama mtu aliyekatizwa katikati ya maneno.

Aliitwa Mzee Melkiori. Kiswahili alikijua kwa sababu ujanani alifanya biashara ya maharage mpaka Tanzania.

"We mwana," akasema, "unaona mi niko mtu ama jiwe?"

"Nimekuona, mzee. Vidole vimekataa."

Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaona kiganja kilichoungua. Tuliokota ndizi, tukasukuma pikipiki na baiskeli mpaka kwake, hatua chache tu kutoka barabarani.

Ndani, mkewe alikuwa anapika uji wa mtama. Nilipouona moto niliukimbilia, mzee akanivuta kwa kola. "Mkono yenye imekufa haijue moto. Utaichoma mara ya pili. Weka kwapani, ungoje." Nikaweka kwapani, nikangoja. Damu iliporudi, vidole viliuma mpaka machozi yakanitoka mbele ya yule mama. Kwa aibu nikaomba pombe ya ndizi, nipate joto upesi.

"Pombe iko mwongo," mzee akasema. "Inakuambia umepata joto, kumbe joto ndiyo inatoka. Kunywa uji."

Nilipomaliza bakuli la pili ndipo akanikemea, na hakupandisha sauti. "Baridi haina haraka ya kuua mtu wa pikipiki. Inamunyang'anya kwanza mikono, halafu akili, halafu inamwachia barabara. Na barabara haikukuta we peke yako leo. Imenikuta na mimi. Unaenda wapi?"

"Muyinga. Namchukua mama yangu. Anarudi kutoka Tanzania."

Mzee akasogeza kuni motoni. "Kama ungekufa hapa kwangu, mama yako angekuwa anarudi kwa nani?"

Niliweka bakuli chini, nikainuka niendelee na safari.

Shati jeupe lilikuwa limechanika begani. Mzee alichukua karatasi ya mfuko wa saruji, akaikung'uta vumbi, akanitandika kifuani chini ya shati. Juu yake akanivika koti lake. Mkewe akaleta soksi kuukuu mbili, akazikata nafasi ya vidole, nikazivaa mikononi. Mzee akanisimamisha kando ya pikipiki: "Funga breki. Achilia. Funga tena." Aliporidhika akasema, "Ukisikia meno inaanza kugongana, umechelewa. Simama mbele ya hapo, meno ikiwa bado imetulia."

Nilifika Muyinga jua limekwisha kupanda. Mama alikuwa barazani na Mama Zubeda, wanachambua maharage. Aliinuka, akanikumbatia, akakaa na uso wake kwenye lile koti kwa muda mrefu. Lilinuka moshi wa mikaratusi na maziwa ya ng'ombe.

"Unanuka kwetu," akasema, na ndipo alipolia. Alikuwa ameondoka nchini akiwa msichana aliyebeba mtoto mgongoni, na mtoto huyo nilikuwa mimi.

Yule fundi cherehani alipoisikia habari yangu hakucheka. Alikata blanketi, akamshonea mama glavu za vidole na kizibao kinachofunika shingo. "Anayekaa nyuma hana kazi ya kumpasha joto," akaniambia. "Wewe unapambana na usukani, yeye anapambana na upepo tu. Muulize mara kwa mara." Kesho yake tuliondoka jua likiwa limepasha barabara, mama na kofia ngumu ya kuazima kichwani, tukisimama kila kituo, akitaka kuutaja kila mlima kwa jina lake.

Kwa Mzee Melkiori tulimkuta amejifunika blanketi karibu na moto. Mkewe alisema hakwenda sokoni tangu jana, maana koti ni moja. Mwanangu, aibu ile ilinichoma kuliko injini. Nilimrudishia koti, nikanyoosha rimu ya baiskeli yake jioni nzima, na mama akakaa na mkewe wakizungumza Kirundi, mama akitafuta maneno aliyokuwa hajayatumia miaka mingi. Tulipoaga kesho yake, mama alimwambia mzee, "Asante kwa kunitunzia mtoto."

"Mtunze mwenyewe sasa," mzee akamjibu. "Mi nimechoka kuokota ndizi."

Mama alikaa nami Giheta miaka kumi na mmoja, akalima, akawabeba wajukuu, akazikwa karibu na baba.

Sasa wewe umenunua pikipiki, unakwenda Muyinga wiki hadi wiki, na unaniambia wenzako hawavai glavu. Usisafirie nyota ya mwenzio. Ziba kifua na shingo, hata kwa karatasi, lakini usijibane mpaka damu ishindwe kupita. Mkono uwe na joto na uwe huru kubana breki. Viatu vya kufunika, soksi za akiba zilizo kavu. Ukungu ukiwa mzito, ungoje; mwenda pole hajikwai. Simama ungali unajisikia vizuri, unywe kitu cha moto, pombe uiache. Na mke wako akikuletea sweta, usiangalie vifungo vyake.

Haya, nenda. Mungu akutangulie kwenye kona usizoziona, akupe uji wa moto katika nyumba za watu usiowajua, na barabara ikupokee kwa upole kama ilivyotupokea sisi tuliorudi.