Msumari wa Kwanza Ukutani

Saa tatu asubuhi. Rangi bado inanuka, na fundi cherehani amesimama katikati ya sebule yake mpya, nyundo mkononi, hajui aanzie wapi. Mbele yake mkurugenzi, mwanamke wa makamo aliyevaa suti safi na viatu vilivyojaa vumbi, anamnyooshea msumari mmoja.

"Nigonge kweli? Si nitauharibu ukuta?"

"Uharibu, dada. Ni wako."

Pigo la kwanza linakosea, la pili linaingia. Fundi anaangua kilio, na watoto wake wanabaki kumtazama.

Kila anayekabidhiwa nyumba hapa hupewa ufunguo, nyundo na msumari. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita mkurugenzi Mama Msumari, jina ambalo ofisini wanalijua wote na halitamki mtu. Anasimamia mfuko wa misaada wa kampuni kubwa ya saruji, na nyumba hizi za bei nafuu, ambazo mpangaji hulipia kidogo kidogo kama alivyolipa kodi mpaka iwe yake, zimetoka kichwani mwake.

Amekulia chumba kimoja cha kupanga, watu sita. Mwenye nyumba hakutaka msumari ukutani kwake. Siku baba alipogonga mmoja ili sare ya shule ya binti yake isilale sakafuni, wiki haikuisha wakatolewa vyombo nje. Baba alipofariki, picha yake iliishia sandukuni, imefungwa kwenye khanga.

"Mama alikuwa anaitoa, anaitazama, anairudisha," anasema. "Mimi nilitamani ukuta tu. Nyumba nzima sikuthubutu hata kuiota."

Aliingia kampuni akiwa karani wa mapokezi, akasoma jioni, akapanda ngazi. Enzi hizo misaada ilikuwa fulana, na hundi kubwa kama mlango za kupigia picha. Kwenye kikao kimoja akauliza, "Tunauza saruji. Kwa nini tunagawa fulana?" Wakubwa walicheka. Kuwashawishi kulimchukua miaka minne, na leo nyumba zimepita mia tatu.

Ya mama yake haimo.

Mwaka wa kwanza tu, shemeji na binamu za wakubwa walipoanza kumiminika, aliandika kanuni kwa mkono wake: ndugu wa mfanyakazi haombi nyumba. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," anasema, na wala hacheki. Wakubwa wamemwambia ailegeze kidogo, mama ni mama. Amekataa.

Mama ana miaka themanini na mmoja na bado anapanga. Kukaa chini ya paa la mkwe hataki hata kusikia. Kujengewa kwingine pia alikataa, kwa sababu majirani aliozeeka nao wamehamia huku, na anawataka hao hao. "Huko kwingine nitaongea na nani, na kabati?"

Jirani yake wa zamani, waliyetenganishwa naye na ukuta mmoja kwa miaka mingi, alipopata nyumba aliiomba ile picha, akagonga msumari wa pili kando ya wa kwake. Kila Jumapili mama huja kuitazama. "Mume wangu kahamia kwa jirani," huwaambia watu, na wote hucheka. Binti yake hucheka pia, kisha hutoka nje kidogo.

Mwezi uliopita mkurugenzi aliomba kustaafu mapema. Akishaondoka, mama atakuwa mwombaji kama wengine, na atapanga foleni kama wengine. Foleni ni ndefu, na kinachomnyima usingizi ni umri. "Namwomba Mungu ampe muda. Kazi hii nimeifanya kwa ajili ya ukuta wake, na nimewapa watu wote isipokuwa yeye."

Jumapili tunamkuta mama kwa jirani, akiinyoosha picha iliyopinda kidogo. Binti yake amekwisha kumweleza habari ya kustaafu.

"Mzoee tu," anamwambia jirani, macho yakiwa kwa mumewe. "Ila usimzoee sana. Huyu anarudi nyumbani."