Hotuba za Mheshimiwa na Chumba cha Kusafishia

Siku yangu ya kwanza kazini ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ngazi za zahanati ya Kinole, na harufu ya karafuu zilizoanikwa iliingia hata chumba cha sindano. Nilikuwa muuguzi mkunga mpya, viatu vyeupe, nimejaa maneno ya chuoni. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, mzee wa sauti ya chini, aliniambia jambo moja tu kabla ya kunywa chai yake.

"Akija msichana anavuja damu, usimuulize kafanya nini. Muulize imeanza lini."

Sheria yetu inakataza kutoa mimba, ila mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yoyote ile, hutibiwa. Kazi hiyo tuliiita kusafisha: unatoa mabaki kwenye kizazi kwa pampu ndogo ya mkono, kisha unazungumza naye habari za uzazi wa mpango. Haichukui muda. Kinachoua ni kuchelewa.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya kikubwa zaidi, upande wa Mlali. Diwani wa kule alikuwa mtu mcheshi, mtu wa watu, ananizidi umri kwa mbali. Nilimpenda, sitaficha. Lakini akipanda jukwaani alikuwa mwingine kabisa.

"Zaeni! Milima hii mnataka tuwaachie tumbili?"

Watu wanacheka. Kisha anakigeukia chumba changu cha kusafishia: kinawafundisha mabinti uhuni, na kwenye kikao cha halmashauri atataka kifungwe. Kila baada ya mkutano wake wasichana walijificha majumbani na homa zao. Mmoja aliletwa kwa machela ya mianzi, akafia mikononi mwangu. Nililia nyuma ya stoo, nikanawa uso, nikarudi wodini.

Mchana mmoja wa manyunyu gari la diwani likaja hadi mlango wa nyuma. Alimshusha mwenyewe binti wa dada yake, mwanafunzi wa chuo pale mjini, kanga imelowa damu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye dhamana naye. Baba wa binti hakuwa na habari.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Imeanza lini?"

"Marahaba. Juzi. Alikuwa anaogopa, sista."

"Anamwogopa nani?"

Alikaa kwenye benchi ameshika viatu vya binti, akitazama ukungu ukipanda na kushuka, nami nikafanya kazi yangu. Katika kumbukumbu zangu mchana ule hauna sauti kabisa. Naona tu midomo ya yule binti ikirudiwa na rangi polepole, kama chai inavyokolea.

Mheshimiwa alipoinuka kuondoka alisema, "Chumba hakitafungwa. Ila jukwaani usinitegemee, sista. Watanimaliza."

"Basi nyamaza tu, Mheshimiwa. Usiwatishe."

"Hata nikinyamaza watauliza kwa nini."

Kweli, hoja ya kukifunga haikufika kikaoni. Na kweli hotuba ziliendelea vilevile, na machela ziliendelea kuja zimechelewa. Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikamkasirikia tena.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mgeni rasmi alikuwa yeye. Alinisifu kwa watoto niliowazalisha, akahimiza watu wazae, akapigiwa makofi. Chumba hakukitaja. Nilikuwa nimekaa mbele, namngoja akitaje, mpaka akashuka. Aliponipa mkono aliinama, yeye mwenye umri wa kaka yangu mkubwa, akaninong'oneza ili mtu asisikie:

"Shikamoo, mama."

Nikaitika marahaba. Ningefanya nini? Sasa mchana nikisinzia barazani, milima ikiwa imefunikwa, nairudia siku ile na kuibadilisha. Anageuka, anapanda tena jukwaani, anashika kipaza sauti na kuwaambia mabinti waje mapema, hakuna atakayewauliza kitu. Nao wanakuja. Wanateremka mmoja mmoja kutoka kwenye ukungu, kwa miguu yao wenyewe.