Nilipopeleka Droni Harusini Kasomeno

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu moja: majivuno. Mimi ni mpiga picha za harusi pale Kenya, si ile nchi bali mtaa wetu wa Lubumbashi wa masoko na makanisa, na nilikuwa nimenunua droni ya propela nne. Binamu yangu Kalenga aliponialika kwenye ndoa yake huko Kasomeno, nikamwahidi makubwa: pete zitashuka kutoka juu, zimefungwa kwa kamba. Nani mwingine Katanga angeweza? Jeuri gani!

Saa moja asubuhi nilipita Naviundu, njia ya kutokea mjini, kwa pikipiki, droni mgongoni kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi, askari akafungua sanduku lake, akaulizia habari ya mabomu.

"Papa, iko ile ya kutupa bombe ku bantu?"

"Bale banafunga bombe, chef. Miye nafunga pete."

Tukacheka mpaka machozi.

Saa saba nilifika. Kalenga akanitambulisha kwa bibi harusi, Furaha, aliyekimbia vita vya mashariki mwa nchi pamoja na mama yake. "Karibu, shemeji," akaniambia kwa heshima. Habari ya pete sikumwambia. Eti surprise!

Saa tisa, nje ya kanisa, nikairusha. Vigelegele! Droni ikasimama juu ya maharusi, kifurushi chekundu cha pete kikining'inia chini yake. Furaha akatazama juu, akamvuta Kalenga mpaka mavumbini, akamlalia na gauni lake jeupe. Mama yake alikuwa tayari kifudifudi. Na sisi? Tukacheka, tukidhani ni dansi ya kwao. Naona haya hadi leo.

"Tosha ile kintu!" Kalenga akapiga kelele, akitaka niiondoe. Nikaishusha nyuma ya kanisa.

Furaha alibaki amekaa chini. "Ku kwetu ilikuya muchana," akasema. "Ilisimama juu ya soko, na kifurushi vile vile. Siye tuliipungia mikono."

Padri akauliza kama ndoa iahirishwe. Furaha akakataa, alitaka pete ziletwe kwa miguu. Nikatembea nazo polepole. Akanisimamisha hatua chache mbele yake.

"Kunjua mukono, shemeji."

Nikakunjua. Aliziangalia muda mrefu, ndipo akaniruhusu nikaribie.

Kesho yake nilirudi Lubumbashi. Jirani zangu walikuwa wameinamia simu, wakitazama video ya droni vitani. "Angalia akili ya bantu!" mmoja akawasifia walioirusha. "Droni ya kuchezea, bombe na kamba, basi!" Maneno hayo hata mimi niliwahi kuyasema, tena mdomo umejaa nyama. Nikawauliza chini ya droni ile kulikuwa na watu wangapi.

Ikabidi wairudishe video mwanzo. Hakuna aliyekuwa amewaona.