Siku Niliyoponywa Macho Nikinunua Gitaa

Ukiniona Kibuye siku hizi nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi, tafadhali usiniite kwa sauti. Nina aibu, na sifichi kwamba nina aibu, maana soko lile limejaa watu wanaonijua kama yule kipofu aliyefunguliwa macho, na wengine bado hunishika mkono na kuniuliza kwa upole kama naendelea kuona vizuri. Naendelea kuona vizuri. Nimeona vizuri tangu nizaliwe, na hapo ndipo mkasa wenyewe ulipo.

Yote yalianza na baba yangu. Baba alikuwa mpiga gitaa kavu, lile la mbao lenye tumbo la wazi na lisilotaka stima, na enzi zake hakukuwa na harusi wala matanga kuanzia Dunga hadi Sondu ambayo hakualikwa. Kisha ziwa likapanda, maji yakaingia nyumbani kwetu Dunga, gitaa likavimba na kuachana vipande vipande, na kabla hajapata lingine presha ya macho ikamchukua, jicho moja kwanza, halafu la pili. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa kibarazani na kunyamaza. Wahubiri walikuja kumwombea na yeye aliwarudisha kwa adabu, akiwaambia waende kwanza kwa wagonjwa. Nilimwambia mara nyingi kwamba nitamnunulia gitaa jingine, akawa anakataa, mpaka jioni moja tukila omena akasema bila kuulizwa:

"Leta moja. Ikiwa mbaya, usilete ingine."

"Sawa, Baba."

"Na usichague na macho. Mimi sina macho ya kuiangalia."

Mmesikia hapo? Nafasi ilikuwa moja tu. Nikikosea, mzee angerudi kwenye kimya chake na asitoke tena, na mimi ni mwalimu wa hesabu, gitaa najua tu kwamba lina nyuzi sita. Tena (na hili nalisema kwa kujicheka) nilikuwa nimeshachagua. Nilikuwa nimeliona kwenye simu, jeusi, linang'aa kama kiatu cha askari, na moyoni lilikuwa langu tayari. Lakini lile neno la mzee lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, nikajiambia nitaenda sokoni bila kupendelea chochote, nisikilize yote, lenye haki lishinde.

Basi Jumapili baada ya ibada nikaenda Kibuye kwa bwana mmoja anayeitwa Ogola, anayeuza vyombo vya muziki vya mitumba, mtu wa maneno mengi ambaye hujiita profesa wa nyuzi na hakuna anayembishia. Mke wake, Mama Betty, anauza leso kibanda cha pili. Nilipofika tu nikaliona gitaa jeusi limetundikwa juu peke yake, na moyo ukaruka. Chini yake mengine yalikuwa yameegemezwa kwenye gunia, na miongoni mwao moja la kahawia lililopauka, lenye ufa tumboni uliogandishwa kwa gundi, hata nikamwonea huruma mtu atakayeuziwa. Hapo nikajua macho yangu yameanza kula rushwa. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ambao ningeupata leo ningeuchapa viboko. Nilimwomba Mama Betty leso moja, nikamwambia anifunge macho, na nikamwambia Ogola alipige kila gitaa bila kulitaja, mimi nikiwa nimempa mgongo.

"Nifunge kabisa?" Mama Betty akauliza.

"Funga kabisa, Mama, nisichungulie."

Alinifunga kama mtu anayefunga mzigo wa kuni kwa baiskeli. Ogola akanikalisha juu ya debe, akasema, "Mwalimu, hii akili yako iko juu sana. Sasa wewe tega masikio tu."

La kwanza lilipigwa, likalia kama sufuria. La pili lilikuwa afadhali. La tatu lilipopigwa, jamani, nilisahau nilikuja kufanya nini. Sijui nieleze vipi. Sauti ilitoka chini kabisa na haikuwa na haraka, na kila uzi ulipoguswa ulibaki hewani ukingoja mwenzake, na mimi nilikuwa nimezoea muziki wa redio ambao mtu anausikia huku akisahihisha madaftari, sikujua kwamba mbao inaweza kupumua hivyo. Ngozi ya mikono ilinisisimka. Nilijiona mtoto tena, nimelala kwenye mkeka, na upande wa pili wa ukuta Baba anajaribu wimbo mpya taratibu asituamshe. Nililia. Ndiyo, mwalimu mzima, juu ya debe, chini ya leso ya maua, machozi yakinishuka mpaka kwenye kola, na nikainua mkono nikasema, "Rudia hiyo, tafadhali, rudia hiyo."

Ogola akarudia, na akanogewa, akaingia kwenye benga kabisa, ule muziki wetu wa kuchezesha watu. Sasa mnajua kwetu gitaa likilia vizuri watu hawapiti. Wanasimama, na baada ya muda mtu mmoja humzuia mpigaji na kuanza pakruok, yaani anajisifu yeye na watu wake na awapendao, kisha muziki unaendelea mpaka mwingine auzuie naye ajisifu. Adabu yake ni moja: mtu akiwa anajisifu, hakatizwi. Hata chifu hakatizi. Kwa hivyo niliposikia sauti nzito nyuma yangu ikisema "Simamisha hapo," nilinyamaza kama nilivyolelewa.

"Mimi ja-Sondu," ile sauti ya mtu wa Sondu ikasema, "mtu wa ng'ombe mmoja lakini kijiji mzima inakunywa chai ya maziwa. Leo nimesimama na huyu ndugu yetu asiyeona, analia na gita mbele ya watu. Piga, nimpe pole."

Nikafikiri kuna kipofu karibu yangu. Nilimhurumia, kusema kweli.

Muziki ukaendelea, kisha mwanamke akauzuia. "Mimi nyar Nyakach, binti wa Nyakach, mama wa mapacha, sijawahi kosa kuni. Nasema huyu baba aliyefungwa leso asiachwe peke yake kwa debe." Ndipo nikajua kipofu ni mimi. Nilitaka kusema, lakini alikuwa bado anajisifu, na alipomaliza gitaa likaanza, na gitaa lilipozuiwa alikuwa mwingine tayari anajisifu, naye akaongeza kwamba nimezaliwa hivi, na aliyemfuata akasema anawajua watu wa kwetu na ni familia imeteseka sana. Sijui niliwezaje kukaa pale nikizaliwa upya kipofu huku nangoja zamu ya kuzungumza.

Mwishowe nikasimama ghafla ili nitoke. Mtu aliyefungwa macho hasimami ghafla. Nilijikwaa kwenye ngoma fulani ya Ogola nikaenda kichwa mbele hadi kwenye lundo la viatu vya mitumba vya jirani, na watu wakasema "pole, baba, pole" kwa sauti moja, na mikono mingi ikanishika, mmoja akinifuta magoti. Nilivuta fundo la leso. Fundo la Mama Betty halikunijua. Na huko langoni kulikuwa na mhubiri na kipaza sauti chake, maana Jumapili Kibuye haikosi mhubiri, akasema, "Mleteni hapa," na nikabebwa kama gunia la mahindi.

Mkono wake ulitua kwenye paji la uso wangu na kunisukuma nyuma. Nikaona afadhali niseme ukweli wote kwa maneno machache.

"Mimi naona," nikasema.

"Mmesikia imani hiyo?" akauliza kwenye kipaza sauti. "Bado amefungwa, lakini anakiri."

Mama Betty alipita katikati ya watu akanifungua, nadhani alikuwa anataka leso yake. Jua la saa saba likanipiga usoni, macho mekundu kwa kulia, nikabaki napepesa. Na hapa sitafanya mzaha, kwa sababu nilichokiona kilinitisha. Umati wote ulikuwa umenyamaza. Mzee mmoja alikuwa amevua kofia ameishika kifuani. Mama mmoja alikuwa amemwinua mtoto wake juu ili anione. Katika maisha yangu sijawahi kutazamwa hivyo, hata siku ya harusi yangu, na mimi mwenyewe, baada ya lile giza na ule muziki, niliona wekundu wa nyanya na rangi za leso zile kama mtu anayeonyeshwa kwa mara ya kwanza. Kwa dakika moja nusura niamini.

"Hivi ni vidole vingapi?" mhubiri akauliza.

"Vitatu," nikajibu (mwalimu akiulizwa hesabu hujibu, ni ugonjwa). Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika, naamini, mpaka ng'ambo ya ziwa.

"Mchungaji, mimi sikuwa kipofu," nikamwambia.

"Mnaona? Ameponywa mpaka amesahau shida yake."

Na kutoka nyuma sauti ya mama mmoja ikasema, "Si huyu ni mwalimu wa hesabu wa kijana yangu?" Mwenzake akajibu, "Kumbe alikuwa haoni. Ndio maana wanafeli."

Ogola, aliyeujua ukweli wote, alikuwa anapiga gitaa kwa nguvu zaidi, akiwaambia watu kwamba ni nyuzi zake zilizoanza kazi, mhubiri alimalizia tu. Nilimfikia nikamnong'oneza anionyeshe la tatu. Aliinua tu kile alichokuwa amekishika. Lilikuwa lile la kahawia lenye ufa. Na lile jeusi? Ogola alisema ndilo la kwanza, lililolia kama sufuria. Nililipa nikaondoka nalo, kipofu mwenzangu, watu wakiligusa gitaa njiani na kunisindikiza kwa nyimbo mpaka barabarani.

Nilifika Dunga nikiwa nimepanga nisimwambie mtu yeyote. Nikamkuta Baba amesimama mlangoni na fimbo yake. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ambalo hakuwa amelivaa tangu macho yaondoke, na vifungo alivikosea, kila kimoja kilikuwa kwenye tundu la jirani yake.

"Odhiambo?"

"Ni mimi, Baba."

"Usikae chini. Nipeleke Kibuye." Sauti yake ilikuwa na haraka ya kijana. "Jirani yetu Min Awuor alipigiwa simu na wenzake wauza samaki. Kuna mtu amefunguliwa macho leo, mtu amezaliwa hivyo. Watu wengi wameona, si uvumi. Twende kabla mchungaji hajaondoka."

Hapo ndipo nilipoijua aibu. Ile ya sokoni ilikuwa mchezo wa watoto. Mtu aliyewarudisha wahubiri wote kwa miaka hii, kumbe alikuwa anataka kuona kiasi hicho, na mimi mwanawe nilikuwa sijui, na sasa alikuwa ameaminishwa na macho yangu mazima. Nilitamani kuwa kweli nilikuwa kipofu, ili nimpe habari ya kweli. Nilimshika mkono nikamwambia, "Baba, mtu huyo ni mimi," na nikamweleza kila kitu tangu debe mpaka vidole vitatu, na yeye hakunikatiza, alisikiliza kwa adabu ileile ya pakruok mpaka nikamaliza.

Kuku wa Mama walipita katikati yetu.

"Ulijifunga macho kwa nini?"

"Ulisema nisichague na macho."

Akaketi. Akaanza kufungua vifungo, akagundua alivyovikosea, akavifungua vyote polepole, akalivua koti na kulikunja magotini. "Lete," akasema.

Vidole vyake vilitembea juu ya lile gitaa kuanzia shingoni mpaka tumboni, vikafika kwenye ufa, vikasimama.

"Hapa imepasuka."

"Ndiyo, Baba."

"Ungekuwa unaona ungechukua hii?"

"Singechukua."

Hakusema ni zuri au baya. Alikaza uzi mmoja, akalegeza mwingine, akaliinamia kama anayelisikiliza likipumua, kisha akapiga. Niliyoyasikia Kibuye yalikuwa salamu tu. Mama alitoka jikoni na mikono yenye magamba ya samaki akasimama palepale mlangoni, hakuthubutu hata kujifuta. Mimi sikuweza kukaa wala kusimama, niliegemea ukuta nikiogopa kwamba nikisogea kitaisha, na nikashangaa kuwa vitu hivi vyote vilikuwa ndani ya mtu huyu, kwenye kiti kile, kimya kile chote.

Katikati ya wimbo akaziwekea nyuzi kiganja, zikanyamaza.

"Kuna mtu hapa ana neno la kujisifu?" akauliza akitazama upande ambao sikuwepo.

Sijawahi kufanya pakruok maishani, mwalimu wa hesabu hajisifu mbele ya watu. Lakini nilisimama wima.

"Mimi Odhiambo," nikasema, "mtoto wa mpiga gitaa wa Dunga. Kipofu wa kuzaliwa, niliyefunzwa hesabu mpaka vidole vitatu, nikaponywa Kibuye juu ya lundo la viatu vya watu. Piga, nimsalimu baba yangu aliyenituma."

Baba alicheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, Mama naye akacheka huku analia, na kabla kicheko hakijaisha mkono ukarudi kwenye nyuzi.

Basi nimeapa. Sitafungwa leso sokoni tena, hata iwe kununua nini, na nikienda kuchagua nyanya nafumbua macho yote mawili na nakuwa karibu na mtu anayenijua. Ila jioni Baba akianza kupiga, na mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta na madaftari yangu, huwa nafumba macho kidogo.