Makopo Mawili ya Lukresia

Mjukuu wangu Lukresia alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akiwa na miezi minane, madaktari wa Dar es Salaam walimpasua wakaliziba. Niliporudi naye hapa kijijini Mbuji niliwaambia watu wameshona kwa uzi wa wavu wa usipa, wale dagaa wa ziwani, moyo ule haupitishi hata maji. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka nikaamini mwenyewe. Alipofika miaka saba, kadi ya kliniki ya kila mwaka nikaichomeka nyuma ya picha ya Bikira Maria ikae salama. Ikakaa salama miaka minne, kliniki hatukwenda.

Sasa ana miaka kumi na mmoja, na ndoo ya kahawa kichwani anapanda mlima anaimba. Mwezi wa saba, tukichuma, akakaa ghafla.

"Bibi, mimi nimekaa, moyo unakimbia."

Nikaweka kiganja kifuani. Mle ndani kulikuwa na ngoma ya mganda, na wapigaji wamelewa.

Nikambeba mbio hadi zahanati. Tunafika, moyo umetulia. Iddy, mganga wetu kutoka Tanga, akamsikiliza, akatabasamu.

"Shikamoo, bibi. Na yule mamba wa hadithi zako, aliyekuomba ugoro kule ziwani, hajambo?"

"Marahaba. Leo sina mamba, mwanangu. Moyo ulikimbia."

"Ulimpita mamba?"

Nilirudi nyumbani nikiogopa kwamba uongo wangu ndio utakaoniulia mtoto.

Siku ya tatu moyo ukaanza tena. Sikukimbia. Nikavuta makopo mawili na kahawa kavu. Kiganja kifuani kwake, nikasali Baba Yetu moja, kila pigo punje moja koponi. Mkono ulishindwa kufuata, nyingine zilinipita. Kisha nikasali Baba Yetu nyingine, kopo la pili, kwa moyo wangu mimi mzee.

Nikayabeba hadi zahanati pamoja na mtoto. Iddy alipoyaona akataka kucheka.

"Hebu sali tena, bibi, niangalie saa."

Nikasali. Akahesabu punje za mtoto, akahesabu zangu, akarudia za mtoto. Hakucheka tena.

"Bibi, hapa hujaongeza hata moja?"

"Nimepunguza. Mkono ulichelewa."

Palepale akaita bodaboda. Hospitali ya Mbinga wakambandika Lukresia nyaya kifuani, na moyo, kwa bahati, ukaanza vituko vyake mbele yao. Daktari akasema tundu limeziba vizuri, ila kovu la mshono huweza kupotosha mapigo hata baada ya miaka mingi, ndiyo maana kuna kliniki ya kila mwaka. Nilitazama chini.

Dar es Salaam walipitisha waya mwembamba pajani hadi moyoni, wakapachoma pale panapopotosha. Hilo ni kweli tupu, na hakuna anayeniamini.

Jana Lukresia kapanda mlima na ndoo, kafika juu kabla yangu, kajiwekea kiganja kifuani, kasali, kaniletea kopo lake. Nami nikasali, nikajaza langu, nikayaweka pamoja: punje zimelingana. Kadi sasa iko mbele ukutani, Bikira Maria nimemwomba asogee kidogo.