Gurudumu la Nyuma

Saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, spoku ya kwanza ilikatika. Nilisikia mlio mkavu chini yangu, kama kijiti cha mswaki kikivunjwa. Ya pili ilifuata kabla sijashika breki, kisha mbili kwa pamoja, na gurudumu la nyuma likajikunja likakwama kwenye fremu. Mama niliyekuwa nimembeba alishuka mwenyewe, akakung'uta vumbi, akatazama gurudumu, kisha akatazama jua. Tulikuwa kwenye njia ya mchanga inayotoka upande wa Balambala, kilomita nane kabla ya Garissa. Saa tano na nusu mwanawe angekuwa kwenye redio ya Kismayu akimsubiri.

"Tutembee, eddo," akasema.

Eddo kwa Kisomali ni shangazi. Nilimwita hivyo ingawa hatukuwa ndugu, naye kwa desturi yetu alinirudishia jina lilelile. Tulitembea, mimi nikiwa nimebeba baiskeli begani kwa sababu haikusukumika. Tulifika mjini saa sita na dakika tano. Redio ilikuwa inawasemesha watu wengine, na zamu yake ilikuwa imekwisha.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kazi yangu ilikuwa kuita watu. Simu zilikuwa chache Garissa, na ng'ambo ya mpaka hazikuwapo kabisa. Watu waliokuwa na jamaa Somalia waliongea nao kwa redio ya masafa marefu, katika chumba kimoja cha bati nyuma ya soko tulichokiita taar. Saa tatu kamili mwendeshaji wa Kismayu alisoma majina ya waliotakiwa. Saa tano na nusu alirudi hewani, na aliyekuwapo aliongea, asiyekuwapo alirukwa. Katika saa mbili na nusu hizo mimi niliendesha baiskeli kwenda kuwaita, na walioishi mbali niliwarudisha kwenye kariya, kile kiti cha chuma cha nyuma. Nililipwa kwa kila kichwa. Baiskeli ilikuwa yangu, na matengenezo yalikuwa yangu.

Ilikuwa baiskeli ya milimani yenye gia kumi na nane, tatu za mbele mara sita za nyuma, niliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyefanya kazi kwenye kambi za Dadaab, mkataba wake ulipokwisha. Garissa hakuna mlima. Lakini baiskeli nyeusi za kawaida zilikuwa nzito mno mchangani. Nilizipima kwa saa ya mkononi: kwenda na kurudi kwa yule mama, kilomita kumi na mbili kila upande, kulinichukua saa mbili na dakika hamsini. Kwa ile ya milimani ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Kati ya namba hizo mbili ndipo watu walipopata au walipokosa kuongea na watoto wao.

Mwanawe alikuwa ameacha ujumbe. Mwendeshaji wetu aliuandika kwenye daftari, nami nikamsomea mama. Ulisema kwamba angekaa Kismayu si zaidi ya wiki mbili, hadi lori la kumpeleka kaskazini lipate mzigo. Asubuhi ya siku ya kuondoka angejaribu tena. Siku yenyewe hakuijua, na mbele ya hapo hakujua kama kuna redio. Mama aliniomba nisome mara ya pili. Nilimuuliza kama hawezi kukaa mjini siku hizo. Alisema ana wajukuu watatu, watoto wa huyo mwana, na mbuzi kumi na tisa, na hana mtu wa kumwachia zaidi ya nusu siku.

"Basi siku hiyo utanijia," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Akiba yangu yote ilikuwa shilingi elfu moja na mia mbili. Kwa fundi wa baiskeli, mtu wa Mwingi aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, gurudumu jipya la nyuma kutoka Nairobi, jepesi, la alumini, liligharimu elfu moja na mia tisa. Pia alikuwa na rimu ya chuma kwa bei ya chini, nayo ilikuwa ngumu kama kufuli. Kwenye rundo la vitu vikuukuu nyuma ya kibanda nilipata rimu ya alumini yenye matundu thelathini na sita, imechubuka lakini haijapinda. Niliizungusha juu ya kioo cha dirisha kilichokuwa kimelazwa pale, na ilikaa sawa pande zote.

Niliazima rimu zote mbili nikazipeleka kwa muuza nyama ya ngamia, kwa sababu mizani yake niliiamini. Alizitundika kwenye ndoano bila kuuliza, kisha akaita jirani zake waje waone.

"Mbuzi wako wamekonda," akaniambia. "Hawa ni wa kuchinjwa au wa kuombewa dua?"

Ya chuma ilikuwa na uzito wa karibu mara mbili ya ile ya alumini. Wakati huo nilikuwa nimeshasoma kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu, nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba bila jalada. Nilijua kwamba gramu iliyo kwenye ukingo wa gurudumu humchosha mpanda baiskeli kuliko gramu iliyo katikati, kwa sababu huzungushwa mbali zaidi na ekseli. Kwa hiyo wepesi niliutaka kwenye rimu. Swali lililobaki ni uimara, na sikutaka kulijibu kwa kukisia. Nilirudi chumbani nikakaa na gurudumu lililovunjika.

Nilihesabu spoku zilizokatika. Zilikuwa nane, na zote zilikuwa za upande wa kulia, upande wa mnyororo. Za kushoto hazikukatika hata moja. Nilizipiga kwa kucha: za kushoto zilitoa sauti nzito, zimelegea, za kulia zilizosalia zililia nyembamba, zimevutwa kupita kiasi. Ilinichukua alasiri nzima kuelewa. Gia sita za nyuma zinahitaji nafasi, na nafasi hiyo huibwa upande wa kulia. Spoku za huko hubaki zimesimama karibu wima, na za kushoto zimelala. Ni kama hema lenye kamba ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili: upepo ukija, kamba fupi ndizo zinazobeba kila kitu.

Na upepo wangu niliujua. Mama yule alikaa kama wanawake wote niliowabeba walivyokaa, ubavu, miguu yote kushoto. Hakunishika. Alishika chuma cha mwisho cha kariya na kujiegemeza nyuma, ili nguo yake isiguse mgongo wangu. Uzito wake wote ulining'inia nje ya ekseli na upande mmoja, na kila shimo la njiani lilikuwa pigo kwenye spoku zilezile. Kama angekaa mbele kidogo na kunishika shati, labda lile gurudumu lingefika. Lakini hilo halikuwa jambo la kumwomba. Lililopaswa kubadilika ni gurudumu.

Kesho yake nilimwambia fundi nataka kutoa gia zote sita na kuweka moja, ili spoku za kulia zipate nafasi ya kulala kama za kushoto. Alidhani hajanisikia vizuri.

"Watu wanalipa kuongeza gia," akasema. "Wewe unalipa kupunguza?"

"Silipi. Nakuuzia wewe hizo nilizotoa."

Alinitazama, akamtazama mteja mwingine aliyekuwa akingoja kuzibiwa mpira. "Kijana huyu amesoma akapitiliza kituo," akamwambia.

Lakini alizipenda. Gia za nyuma, kile kiwiko cha kuhamishia mnyororo, nyaya na vishikio vyake, vyote kwa pamoja vilikuwa bidhaa adimu, na kulikuwa na vijana waliotaka vionekane kwenye baiskeli zao hata visipofanya kazi. Tulianzia mia tatu na kumalizia mia sita. Rimu kuukuu ilikuwa mia nne. Spoku nene thelathini na sita, shilingi sita moja, zikawa mia mbili na kumi na sita. Gia moja mia na kumi, na washa, vile vipete vya kusogeza ekseli ili rimu ikae katikati, ishirini na nne. Jumla mia saba na hamsini. Nikitoa mia sita aliyonipa, gurudumu zima lilinigharimu mia moja na hamsini, na habu, kitovu cha gurudumu, ilikuwa yangu ileile.

Kulifunga nililifunga mwenyewe. Sikuwa nimewahi. Nilichora kwanza mchoro wa spoku kwenye karatasi, kila moja na namba yake, nikakaa kivulini mwa ukuta wa taar alasiri tatu mfululizo, fundi akipita jioni kusema hivi ndivyo au sivyo. Mara mbili nilifungua zote nikaanza upya. Kila asubuhi saa tatu nilisimama mlangoni nikisikiliza majina kutoka Kismayu, na kila lilipoanza jina lenye herufi ya kwanza ya jina la mama nilisogea karibu na redio. Jamaa mmoja mwenye baiskeli nyeusi alikuwa ameshika kazi yangu siku hizo. Nilijua kwamba jina hilo likisomwa hatawahi.

Siku ya nne nilipiga spoku kwa kucha, kulia na kushoto, na zote zililia sauti moja. Nilikaa kidogo nikizipiga tu. Nimefanya kazi nyingi tangu wakati ule, na nyingine zilinilipa vizuri, lakini ile sauti ya pande mbili zilizokubaliana bado naikumbuka kuliko mishahara.

Sikuiamini kwa sauti tu. Nilifunga kwenye kariya mitungi miwili ya lita ishirini iliyojaa maji na bando la unga la kilo ishirini na nne, vyote vikining'inia kushoto na nyuma, kama anavyokaa yeye. Nikavifunika kwa kitambaa ili kamba zisichubue. Nilipopita kwenye vibanda vya chai, mtu mmoja alimuuliza mwenzake kwa sauti ya kusikika:

"Mke wa huyu mbona hana kichwa?"

"Ndiyo sababu amekubali kuolewa naye," mwenzake akajibu.

Nilikwenda hadi kilomita ya kumi na mbili na kurudi. Nilikagua spoku moja moja. Moja ilitaka nusu mzunguko. Zaidi ya hapo, hakuna.

Jina la mama lilisomwa siku ya tisa. Niliondoka saa tatu na dakika nne. Njia ilikuwa na mchanga mlaini kwa sababu ng'ombe wa mnada walikuwa wamepita, na bila gia ilinibidi kusimama juu ya pedali mahali pawili, lakini mahali pengine popote gurudumu lilikwenda lenyewe. Nilifika saa tatu na dakika hamsini na moja. Aliniona kwa mbali. Nilipofika alikuwa ameshamwita jirani wa kukaa na watoto na alikuwa anafunga mtandio. Tuliondoka saa nne na dakika mbili.

Alikaa vilevile, kushoto, mikono nyuma. Nilikuwa nasikiliza chini. Tulipita mahali pale pa kilomita ya nane, na nilihisi akinyanyuka kidogo kwenye kariya, kama mtu anayejaribu kuwa mwepesi. Tulifika mlangoni saa tano na dakika kumi na saba.

Kwenye taar hakukuwa na siri. Redio moja, chumba kimoja, watu kumi na tano kwenye mabenchi, na kila aliyemaliza sentensi alisema ova ili mwenzake ajibu. Mama alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alisalimia kirefu, kama inavyopaswa, na mwendeshaji akamwashiria afupishe, naye hakufupisha. Akauliza kama mwanawe amekula. Akamwambia watoto wako salama, na mbuzi mmoja amezaa pacha. Mwana akauliza, sauti ikija na kuzama, amefikaje kwa haraka hivyo.

"Kwa baiskeli," akasema. "Ova."

Mwana akarudi hewani.

"Wewe, hooyo? Kwa baiskeli? Ova."

"Mimi mama yako. Una maneno mengine? Ova."

Chumba kizima kilicheka, na huko Kismayu tulisikia mtu akicheka pia. Kisha mwana akasema lori liko tayari, linaondoka baada ya adhuhuri. Mama akainamisha kichwa akamwombea dua, polepole, na waliokuwa kwenye mabenchi wakaitikia amina. Aliisahau ova ya mwisho. Mwendeshaji alimsemea.

Nilimrudisha alasiri. Nyumbani kwake aliniuliza gurudumu lilinigharimu kiasi gani. Nilimwambia haidhuru. Akauliza tena, nami sijui kudanganya kwa namba. Nikamwambia mia moja na hamsini. Alifungua fundo la mtandio wake akahesabu noti kuukuu na sarafu, akaziweka juu ya tandiko la baiskeli. Nilikataa.

"Eddo," akasema, "nilikuja kuongea na mwanangu. Sikuja kuomba."

Nilizichukua.

Nilifanya kazi ile miezi kumi na minne zaidi, na kila asubuhi saa tatu nilisikiliza. Jina la mama halikusomwa tena. Mara kwa mara, nikipita njia ile, aliniangalia kutoka mlangoni kwake, nami nilitikisa kichwa kabla hajauliza, akarudi ndani. Lile gurudumu halikukatika spoku hata moja hadi nilipouza baiskeli. Jioni ile aliponilipa, niliporudi mjini na kuhesabu mfuko, ile akiba ilikuwa nzima kama siku ya kwanza: shilingi elfu moja na mia mbili.