Sahani ya Vishimo Tisini na Sita

Mtaa mzima wa Kabiria ulimwita Shem Oduor "daktari wa mavi", naye alicheka nao. Mwaka 2006, maabara alikofanya kazi ya kupima choo, katikati ya jiji, ilikuwa ikilinganisha vipimo viwili vya virusi vya rota, virusi vinavyoharisha watoto wachanga. Cha kwanza ni kijiti kinachotoa jibu kwa dakika kumi: chepesi kutumia, lakini huwakosa wagonjwa wengine. Cha pili ni sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, na hiyo ndiyo iliyoaminika. Ila sahani haikupimwa mpaka vishimo vyote vijae, kwa kuwa dawa zake zikishafunguliwa haziwekeki tena.

Namalwa, jirani yake wa ukuta mmoja, alipeleka choo cha mwanawe Dalmas, wa miezi tisa, aliyekuwa akiharisha, kwenye kliniki ya mtaa. Kijiti kikasema hakuna virusi. Nusu ya choo ikatumwa mjini, kwenye maabara ya kina Shem, kungoja sahani.

"Daktari, umeona?" Namalwa alimwonyesha Shem karatasi jioni ile. "Hana kitu. Ni meno tu. Mama mkwe alisema toka mwanzo."

"Hata hivyo Mama Dalmas, usiache kumpa yale maji ya chumvi na sukari."

"Ya nini, na karatasi imesema ni mzima? Anayatapika tu."

Shem alijua kitakachomshawishi ni karatasi nyingine. Asubuhi alimwomba Dakta Gichuru, mkuu wa utafiti, aipime sahani ikiwa na sampuli sitini na moja.

"Nikikufungulia wewe leo, kesho nimfungulie nani?" Gichuru aliuliza bila kuinua macho. "Hapa tuna namba, Shem, hatuna watoto wa jirani. Zimebaki thelathini na tano."

Siku ya tatu macho ya Dalmas yalizama. Hospitalini walifika wamechelewa.

Sahani ilijaa wiki moja baada ya mazishi. Kishimo cha Dalmas kiligeuka njano: virusi vilikuwepo. Alihesabiwa miongoni mwa watoto kumi na tisa waliokoswa na kijiti, na Gichuru akaisifu ripoti kuwa ni kazi safi.

Shem alimweleza Namalwa mlangoni pake.

"Umejua lini?"

"Leo."

"Na ulishuku lini?"

"Siku ile ya karatasi."

"Basi toka mlangoni, Shem. Wamama wa kanisa wanakuja kuomba."